Dada na Swali la Daktari

Hivi wewe umewahi kufanya jambo zito, watu wakaja kushukuru, halafu shukrani zikapita juu ya kichwa chako na kwenda kutua kwa mtu aliyekaa kando yako? Kama hujawahi, kaa usikilize habari za Dada. Kama umewahi, kaa vilevile, maana utakuwa umechoka.

Dada alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa. Kila mtu alimwita Dada: mdogo wake, wenzake kazini, muuza mkaa, hata mama yake mzazi aliyekuwa akiishi naye tangu mumewe Dada alipofariki. Kazi yake ilikuwa ya kusimama. Shuka zilitoka kwenye mashine zikiwa bado na unyevunyevu, watu wawili wakazishika ncha nne, wakazikung'uta mara moja pah, wakaziingiza kwenye mtambo wa pasi unaozunguka. Upande wa pili zikatoka zimenyooka, zina moto wa kuunguza vidole. Hapo ndipo zilipokunjwa, nusu, nusu tena, halafu mara tatu, na mstari wa katikati usipinde, kwa sababu msimamizi alikuwa na jicho la kuona hata kisichokuwepo. Siku za kawaida shuka mia mbili, hoteli ikijaa mia tatu. Foronya na taulo hizo wala hazikutajwa, zilikuwa kama nyongeza.

Zamani Dada alikuwa akilinyanyua kapu la shuka mbichi peke yake, analitupa begani huku anaongea. Baada ya upasuaji, mwenzake wa kukunja, mama mmoja mnene mwenye maneno mengi, alimkataza kabisa kuligusa. Alimwambia kila mtu amezaliwa na tairi la akiba, wewe la kwako umeshaligawa, sasa tembea polepole na ukwepe mashimo. Dada alicheka mpaka mshono ukamvuta, ikabidi aegemee ukuta.

Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita. Mshono ulikwisha kupona, ukabaki mstari ubavuni ambao kwenye baridi unajikumbusha. Uchovu ndio haukupona. Na si uchovu wa kazi, maana huo Dada aliujua tangu usichana wake, ukilala unaondoka. Huu ulilala naye na kuamka naye.

Figo aliyoitoa alimpa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Mdogo huyo alikuwa mwalimu wa udereva, na wote walimwita Breki. Miaka kumi ya kukaa kiti cha abiria na kuwakanyagia breki wanafunzi ilikuwa imemharibu mguu wa kulia. Hata akiwa kwenye kochi, mtu akisimulia habari ya ajali au ya posa, mguu ule unakanyaga sakafu wenyewe. Figo zake zilipokufa zote mbili miguu yake ilivimba, viatu vikamkataa, ladha ya chakula ikamtoka. Akawa mtu wa kwenda kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne kila mara, anarudi rangi yake imekuwa ya majivu na maneno hana. Ndugu wakapimwa. Damu ya Dada ikakubaliana na ya Breki.

Sasa hapa sikiliza vizuri. Hospitali ile ilikuwa na utaratibu wake. Kabla mtu hajatoa figo, daktari anamwita peke yake kwenye chumba kidogo, anafunga mlango, anamwuliza: wewe mwenyewe unataka? Na anamwambia, kama hutaki sema hapa hapa, sisi tutawaambia ndugu zako kwamba hufai kutoa, hatutawaambia sababu, na hakuna atakayejua mpaka unaingia kaburini. Chumba chenyewe kina viti viwili tu, cha daktari na cha mtoaji.

Siku ya Dada, mama yao alikataa kubaki nje. Alisema binti yangu hajazoea mambo ya hospitali, ataogopa. Akausukuma mlango, akaingia, na muuguzi kwa kumwonea haya mtu mzima akamletea kiti cha tatu kutoka kwenye korido. Daktari alikuwa bado mgeni kazini, akashindwa kumtoa mama wa watu. Akauliza swali lake hivyo hivyo, wameketi watatu kama wanasubiri chai.

Dada akafungua kinywa.

Mama akasema, "Anataka, daktari. Huyu nimemzaa mimi, namjua."

Daktari akamtazama Dada. Dada akafunga kinywa, akakubali kwa kichwa. Daktari akaandika. Jambo lote halikuzidi dakika tatu.

Figo ilikubali. Breki akarudi kwenye gari lake, akanenepa mashavu, akaanza tena kuwatania wanafunzi wake. Na watu wakaja kushukuru. Walimshika mama mikono yote miwili, wakamwambia mama, umemzaa mtoto huyu mara mbili. Na mama alijua kusimulia, huwezi kumnyima sifa hiyo. Alianza na miguu iliyovimba, akapita kwenye mashine, akafika hospitalini, na watu wakatoa vitambaa kufuta macho. Katika masimulizi yale Dada alitokea mara moja tu, pale mama aliposema, "Nikamwambia dada yake, haya, twende." Basi. Dada mwenyewe huwa yuko jikoni anaosha vikombe, anasikia.

Mama hakuwa mtu mbaya. Alikaa mwaka mzima akihofia kumzika mwanawe, na hofu ilipomtoka, kusimulia ndiko kulikojaza mahali pake.

Breki naye alikuwa na lake. Asubuhi na jioni, saa ile ile, simu inalia, anameza vidonge vya kuufanya mwili usiikatae figo ya watu. Vidonge hivyo alivizoea. Kilichomshinda ni dada yake. Akila karanga za chumvi anaangalia nyuma kama mwizi. Akipiga chafya anaomba radhi. Kila akija anajigusa tumboni, anasema, "Dada, gari lako nimelileta, likague, halina mkwaruzo." Walicheka miaka miwili ya kwanza. Mwaka wa tatu mzaha ulianza kuchoka, na siku moja akamwambia bila kucheka kwamba siku hizi hata Dada akimkosea hawezi kununa, anaona aibu. Dada alilibeba neno hilo mpaka kazini, akalikunja na shuka zote za siku ile. Maana utotoni hao wawili waligombana kila siku ya Mungu, na ugomvi ule ulikuwa raha yao.

Wiki ninayoisimulia, siku ya Ijumaa, Dada alikuwa ametoka kliniki. Hata aliyetoa hupimwa kila mwaka. Wakamwambia presha imepanda, mkojo hauko sawa sana, apunguze kusimama, anywe maji, arudi baada ya mwezi. Apunguze kusimama, mpiga pasi. Nyumbani hakumwambia mtu, kwa sababu nyumbani neno kliniki lilikuwa la Breki. Mama alimwona na karatasi, akauliza kama ni majibu ya mdogo wake. Dada akasema si ya Breki, akaenda kupika.

Jumapili hoteli ilijaa. Alikunja shuka mia tatu na kitu, akarudi jua likiwa bado juu, anataka jambo moja tu duniani, kuweka miguu juu ya mto. Akakuta viatu vya wageni mlangoni.

Sebuleni walikuwepo mama, Breki, mama mmoja jirani wa mtaa wa pili, na mwanawe wa kiume. Mwana mwenyewe alikuwa fundi uashi, jitu la miaka thelathini na kitu lenye mabega ya mlango na saruji kwenye kucha. Dada yake huyo fundi yuko kwenye mashine mwaka wa pili sasa, na vipimo vya fundi vimekubali. Jumatano anaitwa kwenye chumba kidogo. Wamekuja kuuliza, maana mtaa mzima ulijua kwamba mambo ya figo anayajua mama yake Breki.

Dada akaenda kuchemsha chai. Akamwuliza fundi sukari vijiko vingapi, mama yake akajibu viwili. Breki akamwuliza kama kazi ya ujenzi inalipa siku hizi, mama yake akajibu inasuasua. Breki akasema kwa upole, "Kaka, wewe ukiumwa jino, anayepiga kelele ni mama?" Wakacheka kidogo, fundi naye, akitazama mikono yake.

Halafu yule mama akatoa lililomleta. Alisikia kwamba daktari anamfungia mtu chumbani peke yake, hataki ndugu. Je, ni kweli? Na yeye afanye nini?

"Usikubali," mama yake Breki akasema. "Ingia naye. Mimi niliingia. Ukimwacha peke yake watamtia woga, na akitoka mle ndani na woga, mgonjwa wako umempoteza. Unaingia, unakaa, likiulizwa swali unajibu. Mambo yanakwisha."

Yule mama akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayejifunza njia. Fundi akaendelea kutazama mikono yake.

Dada alikuwa amesimama na sinia. Kwa miaka minne alisikia habari ile ikisimuliwa na akanyamaza, akisema moyoni ni ya kwetu, imekwisha pita. Sasa aliiona inatoka mlangoni na viatu vya watu wengine. Akaliweka sinia mezani.

"Jumatano ingia peke yako," akamwambia fundi.

Mama akacheka, akawaambia wageni msimjali, amekunja shuka tangu asubuhi, kachoka. Dada akasema ni kweli kachoka, na bado fundi aingie peke yake. Chumba kile kina viti viwili, kikiletwa cha tatu ujue wamekosea.

"Na akikataa?" akauliza yule mama, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Binti yangu je?"

Dada alimwonea huruma, maana ile sauti aliijua, aliisikia katika nyumba hii mwaka mzima. Akamweleza kwamba hana jibu la kumtuliza. Binti anaweza kuendelea na mashine, anaweza kupata mwingine, anaweza asipate. Lakini figo iko ndani ya fundi, na kisu kitapita kwa fundi. Fundi akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu akae, akauliza mwenyewe, "Anauliza nini hasa huyo daktari?"

"Anauliza kama unataka. Ukisema hutaki, anakuficha, hasemi kwa mtu. Ukisema ndiyo, useme kwa mdomo wako. Kwa sababu baadaye utachoka, kaka. Hawakwambii, lakini utachoka. Ukiwa umejibu mwenyewe, unachoka na jambo lako. Ukijibiwa, unachoka na jambo la watu."

Chai ikaanza kufanya utando. Kisha fundi akamwambia mama yake, bila ukali, "Mama, Jumatano utanisubiri kwenye benchi." Mama yake akatafuta mkono wa kiti, akaushika, akasema haya. Hawakukaa sana baada ya hapo. Waliaga vizuri, wakavaa viatu, wakaondoka, mwana mbele, mama nyuma.

Mama hakumtazama Dada. Alikunja kitambaa cha meza ambacho hakikuhitaji kukunjwa. Akasema umeniumbua mbele ya watu, mtu mzima kama mimi, nyumbani. Dada akasema samahani, na alimaanisha. Akakaa, akavua soksi, na mpira wa soksi ulikuwa umechimba mfereji kwenye vifundo vya miguu. Breki akaitazama miguu ile. Alijua maana ya miguu kama hiyo. Akauliza ile karatasi ya kliniki ya Ijumaa, aliyoisikia kwa mama, ilikuwa ya nani, na Dada akamwambia ilikuwa yake, presha imepanda kidogo, asitie hofu. Breki akasogea, akaichukua miguu ya dada yake, akaiweka juu ya mto.

Mama aliyaona yote hayo. Alikaa chini polepole, na ghafla akawa mzee kuliko asubuhi.

"Kumbe ulikuwa hutaki," akasema. "Miaka minne. Nilikupeleka kwenye kisu na wewe hutaki, na mimi nakaa hapa napokea shukrani."

Breki alikuwa amepiga magoti sakafuni, mkono bado uko kwenye mto. Akasema, "Sema tu, Dada. Kama hukutaka, sema. Afadhali nijue ninachotembea nacho."

Dada aliwatazama wote wawili. Alikuwa amechoka mpaka kwenye ulimi, na neno lenyewe alikuwa amekaa nalo muda mrefu hivi kwamba hakujua lianzie wapi.

"Nilikuwa nimeshaamua zamani, Mama. Hata sijapimwa, nilishaamua. Jibu nilikuwa nalo. Nililifanyia mazoezi kazini, kati ya shuka na shuka, mpaka yule mwenzangu akaniuliza naongea na nani. Nilitaka kumwambia daktari, ndiyo, nampa mdogo wangu. Nilitaka niseme mimi, na wewe uko nje, halafu nifungue mlango nije nikwambie."