Mpangaji wa Mkunga

Jumapili nilihamia kwa mwanamke, Jumatatu nikaanza kazi kiwandani. Mtu mwenye akili angefanya kimoja, akapumua, ndipo afanye cha pili. Lakini nyumba nilimokuwa nimepanga chumba iliuzwa, na kiwanda cha magodoro hakikuwa na nia ya kunisubiri.

Mwanamke mwenyewe ni mkunga. Ni mjane, ana nyumba yake ya vyumba vitatu, na mikono yake imepokea nusu ya watoto wa mtaa ule. Tulikuwa tumejuana mwaka na nusu. Aliponiona mlangoni na mabegi mawili na kigoda, akasema, "Kabati nimekupa upande wa kushoto. Kitandani utachagua ukutani au nje. Hapa si gesti, bwana. Ukiingia umeingia."

"Nimeingia," nikasema.

Nilisema hivyo, ila kuna neno lilikuwa linanitafuna. Mwanamume akimchukua mwanamke akamweka kwake, watu husema kaoa. Akibeba mabegi yake akaenda kwa mwanamke, husema kaolewa. Nina miaka hamsini na mbili. Nimebeba saruji, nimeendesha lori. Kuolewa nilikuwa bado.

Kiwandani, karani alinikalisha anijazie fomu. Ni binti mpole mwenye miwani mikubwa. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wanaochukua glavu, na wa kwanza alikuwa jamaa wanayemwita Redio. Nilikuwa nimekaa karibu naye dakika tano tu, na tayari nilijua nani kaachana na nani kiwanda kizima.

"Ukipata tatizo tumpigie nani?" karani akauliza.

Nikampa namba ya mkunga.

"Ni nani wako?"

Nikahisi pumzi ya Redio shingoni. "Mwenye nyumba," nikasema.

Si uongo. Nyumba ni yake.

"Una bahati," karani akasema huku akiandika. "Wangu mimi hata jina langu halijui."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa siku mbili. Jumatano nilikuwa kwenye mashine ya kushona ukingo wa godoro, nikasukuma kitambaa na mkono ukafuata, sindano ikanipitia kidole gumba. Wakanikalisha juu ya godoro bovu, na karani, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, akapiga simu.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye mwenye nyumba? Mpangaji wako ameumia kidogo."

Nusu saa haikuisha, mkunga akaingia na mkoba wake wa kazi. Akasimama mlangoni akatutazama kama vile sote tumechelewa kuzaliwa.

"Nimekuja kumwona mpangaji wangu."

Akakaa mbele yangu, akafungua kitambaa walichonifunga kidoleni, akamwaga spiriti. Wanawake wa mtaani humsifu kwamba ana mkono mwepesi. Siku hiyo alikuwa ameuacha nyumbani.

"Mama, mpangaji mzuri huyu?" Redio akauliza.

"Mapema kusema, ana siku tatu tu. Hasumbui, ila anakoroma."

Redio akainamisha kichwa kama mtu anayetafuta stesheni. "Umejuaje kwamba anakoroma?"

"Kuta zangu nyembamba, mwanangu."

Watu wakageukia mashine zao, mabega yanatikisika. Mimi niliangalia kidole.

Jioni nikakuta mlango umefungwa kwa ndani. Jirani, mama mmoja mnene, alikuwa kibarazani kwake akichambua mchele.

"Hodi," nikasema.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Nikasogeza mdomo kwenye tundu la kitasa. "Mume wako."

"Sauti haifiki."

"Nimesema ni mume wako."

"Ajabu. Nimepigiwa simu leo nikaambiwa mimi ni mwenye nyumba. Haya, ngoja nimfungulie mpangaji."

Jirani akaweka ungo chini ili asikie vizuri.

Ndani, mabegi yangu yalikuwa yamehamia chumba cha tatu, kule anakoweka magunia ya mkaa na baiskeli mbovu. Mkeka ulikuwa umetandikwa vizuri kabisa. Siku tatu magodoro yalikuwa yanapita mikononi mwangu, na malazi yangu yakawa hayo.

"Mwenzangu," nikaanza.

"Mpangaji hana mwenzangu."

"Niliona aibu. Yule Redio alikuwa nyuma yangu."

"Nimezalisha wanawake walioletwa na waume zao, na mume akiulizwa anasema huyu ni jirani tu, nimemsindikiza. Nikajiambia, hayo mimi hayatanikuta. Yamenikuta nina miaka arobaini na tisa." Alikuwa hatanii tena. "Usiniombe radhi hapa jikoni. Jikoni kila mwanamume ni jasiri. Umenikana kule, nikubali kule kule. Kama huwezi, tafuta chumba mpaka mwisho wa mwezi, tutasalimiana njiani bila ubaya."

Nikalala na baiskeli.

Kesho yake, saa nne, wakati wa chai, nikaenda dirishani kwa karani. Nilichagua saa ambayo watu wote wapo. Nilipofika nikatamani ningechagua nyingine.

"Fomu yangu ina kosa," nikamwambia. "Yule si mwenye nyumba. Ni mke wangu. Nakaa kwake. Nyumba yake, kitanda chake, sufuria zake."

Redio akaweka kikombe chini. "Subiri, mzee. Yeye amekuja kwako au wewe umeenda kwake?"

"Nimeenda kwake."

"Kwa hiyo umeolewa."

"Nimeolewa," nikasema, kwa sauti ya kumfikia mtu wa stoo. Chai ikawapalia watu. Nikasubiri wamalize kukohoa. "Na wewe unakaa kwa nani?"

"Kwa mama yake," mtu akamjibia.

"Basi sote tunakaa kwa wanawake. Mimi wangu alinichagua."

Kicheko kikamhamia Redio. Karani peke yake hakucheka. "Utaratibu unataka nithibitishe na mhusika," akasema, akapiga simu na kuiweka spika.

Hilo sikulitegemea. Simu iliita muda mrefu. Watu kama thelathini waliacha kutafuna.

"Shikamoo mama. Ni kiwandani tena."

"Marahaba. Ameumia wapi safari hii?"

"Hajaumia. Anasema wewe ni mke wake. Tubadilishe?"

Huko aliko nikasikia mtoto analia, mchanga, wa leo leo.

"Amenong'ona au amesema kama watu?"

"Mpaka stoo wamesikia."

"Wakacheka?"

"Sana, mama."

"Na yeye?"

Karani akanitazama juu ya miwani. "Amesimama tu. Yupo hapa."

Mtoto akanyamaza. "Mke bado," mkunga akasema. "Ndugu zangu hata hawajamwona. Andika mchumba. Yuko kwenye majaribio."

"Ya muda gani?"

"Ninyi huko mnawapa muda gani?"

"Miezi mitatu."

"Na mimi mitatu, nisionekane nina haraka. Mwambie nimechonga ufunguo wa pili, uko kwa jirani."

Karani akakata simu, akafuta, akaandika. Kisha akaniuliza kama hayo ya majaribio ayaweke au ayaache.

"Yaweke," nikasema. "Yana tarehe ya kuisha."