Mpira Uliompata Reuben

Kwa misimu miwili hakukuwa na mpigaji wa besiboli aliyemfikia Coy Landreneau katika vyuo vyote vya Louisiana. Warushaji walimwogopa, na watu wa timu za kulipwa walikuja hata kumtazama akifanya mazoezi. Kisha Jumamosi moja ya Machi aliupiga mpira ukarudi moja kwa moja kwa aliyeurusha, kijana wa chuo cha jirani aitwaye Reuben Stamps, ukampata usoni. Reuben akapoteza jicho la kushoto.

Tangu siku hiyo mikono ya Coy ikawa mizito. Kila mpira aliuvutia pembeni, mbali na mrushaji, na mingi ikaishia mikononi mwa wapinzani. Kocha alimrekebisha namna ya kusimama, akambadilishia gongo la kupigia, mwishowe akamweka benchi. Coy hakumwambia mtu kilichokuwa kikimsumbua. Wale wa timu za kulipwa wakaacha kuja.

Mwezi Mei aliendesha gari hadi nyumbani kwa kina Reuben, katika mji wa Opelousas. Mama mtu alimfungulia mlango, akamtazama kutoka juu hadi chini, kisha akampisha. Reuben alikuwa jikoni anamenya kamba wa mchuzi. Coy alianza kuomba radhi, lakini Reuben akamkatiza.

"Nasikia siku hizi unapiga kama bibi yangu," Reuben alisema, mikono ikiendelea na kazi.

"Naogopa, ndugu yangu. Kila nikisimama pale nakuona wewe."

"Mimi sipo pale tena. Jicho limeshakwenda, Coy. Watu wakiniuliza nani alinipiga, nataka niwaambie alikuwa mpigaji kweli. Sasa kaa, tumenye."

Coy akakaa, akamenya.

Mechi ya mwisho ya msimu kocha alimwingiza. Mpira ulikuja katikati, naye akaupiga kulekule alikokuwa akikukwepa. Ulipita karibu na bega la mrushaji, kijana akajitupa chini. Coy alikimbia hadi kituo cha kwanza, anakokimbilia kila mpigaji, akiwa amegeuza kichwa nyuma, mpaka alipomwona yule kijana akiinuka na kujipangusa suruali. Hapo machozi yakamtoka mbele ya uwanja mzima.

Hakuna timu ya kulipwa iliyomchukua mwaka ule, wala uliofuata. Alicheza hadi akamaliza chuo, akipiga vizuri, ingawa si kama zamani. Opelousas aliendelea kwenda siku za Jumapili. Mama yake Reuben alimpakulia wali kila mara, lakini ilimchukua karibu mwaka mzima kumwita kwa jina.