Maneno Matano ya Daktari Valary

Barua ya bodi ya madaktari ilimsafisha Daktari Valary kabisa, na bado hakuna aliyemwamini. Ilisema alifuata kila hatua siku ile kipa Uthman alipogonga kichwa kwenye mlingoti wa goli. Alimpima, akamruhusu kurudi uwanjani, na dakika ishirini baadaye kipa akagongwa tena, akaanguka asiamke. Damu ilikuwa imevujia ubongoni. Alipasuliwa, akapona nusu, akarudishwa kwao Siyu akiwa na miaka ishirini na sita.

Watu hawakuisoma barua. Walijua jambo moja tu, kwamba daktari wa klabu hulipwa na klabu. Mitandaoni walimwita muhuri wa kocha. Hata dadake Michelle, aliyelala naye kitanda kimoja utotoni, alimwuliza kwa upole, "Lakini kweli hakuna aliyekushinikiza?" Kweli tupu ni kwamba kocha hakumwambia neno. Hata kumtazama hakumtazama. Valary alimpima mgonjwa wake kwa moyo mweupe, akaridhika, na sasa kila alipoieleza kweli hiyo ilisikika kama hadithi ya kutunga.

Basi akaiacha klabu na Nairobi yake, akapata kazi katika zahanati moja ya Lamu, akapanga ghorofani mtaa wa Langoni. Alijiambia anafuata hewa ya bahari. Hewa gani, alikuja kwa sababu Siyu iko karibu. Na alipokwisha kuwa karibu akaogopa, miezi saba ikapita hajakwenda. Majirani walimsalimu kichochoroni, akaitikia, na mazungumzo yakaishia hapo. Jioni alipika wali wa mtu mmoja kwenye sufuria ya watu sita. Jumapili, baada ya kanisa, simu ilikaa mezani kimya mpaka akaizima mwenyewe, angalau kimya kile kiwe ni amri yake. Alikuwa mpweke hata akawa anawaweka wagonjwa wa mafua nusu saa nzima, awasikie tu wakizungumza.

Alitaka mtu mmoja amwamini, na mtu huyo alikuwa Uthman.

Jumamosi moja akapanda boti ya asubuhi hadi gati ya Mtangawanda, akamalizia safari ya Siyu kwa bodaboda. Bi Tima, mamake Uthman, alimtambua kwa picha za magazeti. Hakumfukuza. Alimkaribisha mkekani, akamletea maji, kisha akaketi mbali naye kidogo.

"Umekuya kumpima?"

"Nimekuja kumwona, Bi Tima."

"Ya kae, ya zamani hizo, yote yako kitwani mwake," mama akasema. "Ya leo ndiyo hayakai."

Uthman akatoka chumba cha ndani akiwa amevaa miwani ya jua, maana mwanga ulimuumiza. Alimjua papo hapo. "Dokta," akasema, akaketi mbele yake akitabasamu.

Njia nzima Valary alikuwa amepanga namna ya kuanza, taratibu, kwa heshima. Yote yakamtoka kwa mkupuo. "Uthman, kocha hakuniambia nikurudishe uwanjani. Hakuna aliyeniambia. Naomba uniamini."

"Nakuamini."

Alilisema vivi hivi, kama mtu anayepokea salamu. Valary akashindwa kuyazuia machozi. Mwaka mzima alikuwa amelingoja neno lile.

"Najua hukuambiwa," Uthman akaendelea, kichwa kimeinama. "Ni sisi tuliokudanganya. Yale maneno yako matano. Kisu, embe, pazia, ngazi, sabuni. Misimu mitatu ulituuliza hayo hayo. Mchezaji mgeni akija tulimfundisha bafuni, kabla hata hajaonyeshwa kabati lake. Siku ile sikujua tunacheza na nani, Dokta. Lakini maneno nilikuwa nayo toka zamani. Nisamehe."

Kipimo chenyewe ni rahisi. Daktari anataja maneno matano, anamshughulisha mchezaji na mambo mengine, kisha anamwambia ayarudie. Kichwa kilichotikisika huyapoteza. Karatasi ya Valary ilikuwa na orodha sita, ili abadilishe. Yeye alitumia ile ya kwanza kila mara, kwa kuwa aliijua kwa moyo na hakuwa na haja ya kutafuta miwani.

"Nimekusamehe," akasema. Na alifurahi, Mungu amsitiri. Alikunywa maji yote, akajiona mwepesi, kwamba kumbe alidanganywa tu.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Uthman akaingia ndani kusali, na alipotoka akasimama mlangoni, uso umekunjuka.

"Dokta. Umefika lini?"

Akaketi pale pale, akainamisha kichwa. "Kuna jambo nataka kukwambia, usikasirike. Ni sisi tuliokudanganya."

Valary akamgeukia Bi Tima.

"Humwambia kula mtu amwonaye," mama akasema, bila kuinua sauti. "Imamu, muuza samaki, wana wa madrasa. Huomba radhi, akasamehewa, akasahau kuwa kasamehewa. Mwaka sasa."

Hapo ndipo aibu ilipomshika Valary. Daktari mzima alikuwa amekaa kwenye mkeka wa watu, akamsamehe mgonjwa ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwumiza.

"Hamkunidanganya," akamwambia Uthman. "Nilikuwa na orodha sita, nikatumia moja misimu mitatu kwa uvivu. Mgonjwa haombi radhi kwa kipimo kibovu. Kosa ni langu."

Uthman akavua miwani, akapumua kwa nguvu, uso wote ukalegea. Valary alijua raha ile haina muda. Kabla ya jioni angekuwa anamwomba radhi mtu mwingine. Akatoa karatasi ya zahanati mkobani, akaandika kwa herufi kubwa: *Uthman, hukukosa. Kipimo changu kilikuwa kibovu. Kosa ni langu mimi daktari.* Uthman akamsomea mamake.

Bi Tima akamgeukia daktari. "Hili utalisema na kule Nairobi," akauliza, "au ni la hapa mkekani pangu tu?"

Valary akaifikiria barua ya bodi, kitu pekee duniani kilichokuwa upande wake. Waliomtukana wangeshangilia. Daktari mvivu na daktari aliyenunuliwa wangewatia kapu moja, na habari ya kocha aliyenyamaza isingeaminiwa na mtu tena, milele.

"Na Nairobi pia."

"Basi tia ina lako lote, na la babako, na nambari yako ya udaktari."

Valary akaandika majina yake matatu, kisha nambari. Bi Tima akaichukua karatasi, akampa mwanawe.

"Soma," akamwambia.

Uthman akaipokea kwa mikono miwili, akamtazama daktari kwa mshangao, akaanza kuisoma kama barua iliyoingia sasa hivi.