Ng'ombe Waliopotelea Angani

Mniache niseme mwenyewe, maana Isebania nzima inasimulia vibaya.

Mwaka wa tisini na sita nilikuwa natafsiri filamu kwenye ukumbi wa video wa Elkanah, nyuma ya stendi. Kaseti inacheza kwa Kiingereza, mimi nimesimama kando ya TV na maiki, natia Kiswahili. Kulikuwa na dairekta mmoja Mzungu ambaye watu wetu walimpenda kupita kiasi. Filamu zake nne za vita nilizitafsiri mimi, na watu walijaa mpaka wakakaa sakafuni. Hata mimi nilimheshimu mno. Kwa hiyo niliposikia ametoa filamu ya watu wa angani, nilizunguka soko zima nikiwaambia njooni Jumapili, hamtajuta.

Loo! Aibu niliyoipata siku hiyo!

Wanaume wawili, nguo zinang'aa kama mabati mapya, wameketi ndani ya chombo chao. Wanatazama dirishani. Wanabonyeza vitufe. Nusu saa nzima! Mmoja akasema, "Kuna kimya." Mwenzake akakaa, akakaa, akajibu, "Ndiyo, kuna kimya." Sasa hapo nitafsiri nini, jamani? Hasira zikanipanda. Mtu tunamwamini hivi, halafu anatuletea uvivu!

Watu wakaanza kupiga miluzi. Elkanah akaninong'oneza, "Wewe Bhoke, tia maneno. Wakitoka kabla haijaisha, kesho usikanyage hapa." Na mimi kazi nyingine sikuwa nayo.

Basi nikatia. Nikasema hawa ni ndugu wawili, wanafuata ng'ombe wa baba yao walioibiwa, na nyayo zimevuka mpaka wa Sirare zikapanda angani. Mkubwa amechoka, anataka warudi. Mdogo hataki kusikia, maana ng'ombe hao ndio mahari yake ya kuolea. Miluzi ikakoma. Mmoja wao akitazama dirishani, nasema anatafuta nyayo. Mama mmoja akapiga kelele, "Usirudi, we kijana!"

Elkanah akasimama mbele akipiga makofi. "Mnaona? Huyu dairekta ni bingwa, siku zote nawaambia!"

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikasema kwenye maiki, "Hakuna ng'ombe humu. Filamu yenyewe ni mbovu. Hayo maneno ni yangu."

Mzee Maroa, mchuuzi wa ng'ombe ambaye hakosi benchi la mbele, akaniuliza polepole, "Na ile ya askari aliyemwandikia mamake barua? Ile iliyoniliza?"

"Kwenye filamu barua haisomwi, mzee. Maneno yake niliyatunga mimi."

Elkanah akaninyang'anya maiki, akaniambia nitoke, akafungulia sauti ya TV mpaka mwisho. Kiingereza kikatujaa masikioni. Watu wakajaribu kuvumilia. Halafu Mzee Maroa akainuka. "Zima hiyo kelele. Mimi nataka kujua kama ng'ombe walipatikana." Wengine wakadakia, wakigonga mabenchi.

Elkanah akanifuata mlangoni nilipokuwa, akaninyooshea maiki. Sikuipokea.

"Kwanza waambie hadithi ni ya nani."

"Bhoke, tafadhali, watu wanangoja."

"Na wangoje."

Akasema ni yangu, kwa sauti ya chini, macho kwenye viatu vyake.

"Sema tena," nikamwambia, "na wa nyuma wasikie."