Mguu wa Githinji

Munyoki alimkuta Githinji nyuma ya ploti ya nyumba za kupanga, akimwaga mkokoteni wa matumbo ya mbuzi juu ya lundo la taka. Panya walichomoka mchana kweupe, wakaruka mtaro bila kujali watu.

Ilikuwa siku ya tisa tangu Munyoki amzike mkewe, Teresiah. Teresiah alikuwa amezibua mtaro huo peku, na kidonda mguuni. Homa ikampanda, macho yakawa manjano, mwishowe akashindwa kukojoa. Daktari alisema ni ugonjwa unaoletwa na mkojo wa panya.

"Githinji, nilikusihi upeleke taka za kichinjio jaani."

"Jaa liko mbali, bana. Pole kwa ya nyumbani, lakini panya nimewakuta hapa."

Munyoki alikuwa amechinja mbuzi katika machinjio ya Kiamaiko tangu ujanani. Mikono yake ilijua pa kushika. Alimkaba koo, akampiga ngumi ya pua, akampiga nyingine kabla damu haijafika mdomoni. Githinji akanyakua kipande cha bati, akamchana kiganja. Munyoki akampokonya lile bati, akamkata nalo paja mpaka nyama ikaachana. Akamsukumia mtaroni, akamkanyaga kifua. Maji meusi yakamfika Githinji masikioni.

Mama Sydney, mhudumu wa afya wa ploti zile, alikuja mbio. Hakuwa na nguvu za kuwaamua.

"Baba Mwende," alimwambia Munyoki, akihema, "tazama mguu wake. Kidonda kiko wazi ndani ya maji hayo. Mkeo aliupata ugonjwa hivyo hivyo."

Munyoki akatazama. Damu ilikuwa ikitoka, na maji yakiingia palipotoka. Alimshika Githinji kwapani, akamvuta nje.

Mama Sydney alileta mtungi wa maji safi na kipande cha sabuni. Munyoki ndiye aliyeosha. Githinji alipiga yowe, akamtandika teke la mdomo, jino likang'oka. Munyoki alilitema, akaendelea kusugua, maji juu ya maji, kisha akaosha kiganja chake mwenyewe. Kwenye zahanati Githinji alishonwa nyuzi kumi na moja, na wote wawili wakapewa dawa ya kuzuia ugonjwa ule.

Githinji alimshtaki. Munyoki alilala seli siku mbili.

Jumamosi iliyofuata wapangaji walitoka na rungu na koleo, wamevaa gambuti. Mama Sydney hakumruhusu mtu asiye na glavu. Lundo lilipofukuliwa, panya walimwagika kwa makumi, nao wakapigwa ukutani, mlangoni, kwenye ngazi, mpaka saruji ikawa nyekundu. Munyoki alikuwa akimponda mmoja aliyekwisha kufa zamani.

"Imetosha, Baba Mwende," Mama Sydney akamwambia. "Huyo mzoe tukamzike."

Adhuhuri Githinji alifika akichechemea, ameshika koleo. Munyoki aliutazama mguu wake, ambao haukuwa umevimba, akamtupia glavu za akiba, akasogea kumpisha.