Povu Halipimwi

Mashine ilikataa tena. Ililia mara tatu, taa yake nyekundu ikawaka, na Barnabas, mwendeshaji wake, akaipiga meza kwa kiganja.

"Inaniaibisha mbele za watu!" alisema.

Watu wenyewe walikuwa wawili tu. Mmoja ni Daktari Famau, mzee wa Kipini aliyekuwa mkuu wa kazi. Wa pili ni Batula, msichana wa kuosha vichupa, na huyo Barnabas hakumhesabu. Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Mafuriko yalikuwa yamepungua na kuacha homa ya mifugo nyuma yake, na mradi wa kupima mifugo ulikuwa umekodi ghala pale Garsen, ukaingiza jenereta, friji na mashine hiyo. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza: sindano huvuta maji ya damu ya ng'ombe kutoka kwenye kichupa, huyagawa katika vishimo vya sahani ya plastiki, huongeza dawa, kisha mashine husoma rangi na kutoa namba. Kila ng'ombe hupimwa mara mbili. Namba zikikaribiana, jibu ni la kweli. Zikipishana, hakuna jibu.

Hii ilikuwa siku ya tatu zinapishana.

"Ng'ombe mmoja," alisema Daktari Famau akiishika karatasi, "mara ya kwanza mzima, mara ya pili mgonjwa. Hata mpiga ramli hubahatisha vyema kuliko hivi."

"Daktari, ni joto la hapa..."

"Joto la hapa nimezaliwa nalo. Sikiza, Barnabas. Gari la Nairobi laondoka alasiri. Namba zisipolingana, napakia vichupa vyote. Majibu yatarudi baada ya wiki tatu."

Kichupa kilimteleza Batula mkononi, kikazama kwenye karai la sabuni. Wiki tatu! Nje kidogo ya mji, ng'ombe arobaini wa baba yake, Godana, walikuwa wamezuiliwa ndani ya boma la miiba wakisubiri jibu hilo. Nyasi ya humo ilikwisha Jumapili. Ng'ambo ya barabara malisho yalikuwa yamesimama mabichi, yanafika kiunoni, lakini askari alikaa mlangoni na hakuna ukwato ulioruhusiwa kuvuka. Ndama wawili hawakuweza tena kusimama bila kuinuliwa. Wiki tatu zingelimaliza zizi lote.

Tangu jana Batula alikuwa na neno, na tangu jana alikuwa akilimeza. Aliacha shule darasa la tano, mwaka walipohama na mifugo, na mbele ya watu wa kalamu ulimi wake ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Lakini alichokiona hakikuhitaji kalamu. Alikuwa amebeba maziwa kutoka zizini hadi soko la Garsen tangu akiwa mdogo, na wateja wa Garsen hawana huruma. Ukiwapimia kikombe chenye povu juu wanakucheka: "Batula, leo umekamua mawingu?" Ndiyo maana mama yake alimfundisha: chombo usikitikise, mimina taratibu kwenye ukingo, uache yatulie, ndipo upime.

Naye Barnabas, kijana wa Ngao, alivisukasuka vichupa vyake kama mtu anayetafuta siagi.

"Bwana Barnabas," alisema Batula, macho yakiwa chini. "Hilo ni povu."

"Nini?"

"Sindano inagusa povu, inadhani imefika kwenye maji. Inavuta hewa."

Barnabas alicheka. "Dada, hii mashine ina kompyuta ndani. Wewe una karai."

"Hebu mwache aseme," alisema Daktari Famau. Alivua miwani, akainama hadi pua ikakaribia kugusa vichupa. Juu ya kila kimoja palikuwa na kofia ndogo nyeupe. "Ewaa! Haya, mwanangu, fanya wewe."

Mikono ya Batula ilikumbuka kazi yake. Alikishika kila kichupa kwa vidole viwili, akakipindua polepole, akakirudisha, akakisimamisha. Barnabas alitaka kuwasha mara moja.

"Bado," alisema Batula. Mwenyewe alishtuka kusikia amemkataza mtu.

Povu lilipokufa, waliwasha. Ng'ombe wa kwanza, namba zikalingana. Wa pili, wa tatu, hadi wa kumi na tano. Kisha zikaanza kuachana, kidogo, halafu sana, na mashine ikalia.

"Nilisema mimi," alisema Barnabas. "Tumepoteza saa nzima kwa mambo ya maziwa."

Batula alitamani sakafu immeze. Nje dereva wa gari la Nairobi alipiga honi. Alirudi kwenye karai lake, na njiani akapita meza ya Daktari, penye gilasi ya maji ya friji ambayo mzee alikuwa hajainywa. Ndani ya gilasi, kwenye kuta zake, shanga ndogo za hewa zilikuwa zimejipanga. Hazikuwapo maji yalipomiminwa.

Aligeuka. Chupa kubwa ya maji ya mashine, yale yanayosukuma sindano, ilikuwa inatoka jasho. Aliigusa: baridi. Hapa Garsen mwenye friji huweka humo kila kitu, hata vitumbua, na Barnabas hakuwa tofauti. Batula aliufuata kwa macho mpira mwembamba uliotoka kwenye chupa. Pale ulipopinda juu ya msumari, hewa ilikuwa imekaa kama punje ya mchele.

"Maji ni baridi," alisema, na safari hii alimtazama Barnabas usoni. "Yanapata joto humu, yanatoa hewa. Mwanzo ni kidogo, ndiyo sababu wale kumi na tano walikubali. Kisha inajaa mpirani, sindano haivuti sawa. Una mengine yasiyowekwa kwenye friji?"

Barnabas aliutazama ule mpira. Alikwenda kwenye rafu akaleta chupa nyingine.

"Toa mpira msumarini. Nyoosha. Hewa hupenda juu."

Alinyoosha. Batula akaugonga kwa ukucha, tk, tk, tk, huku maji mapya yakipita, mpaka ile punje ikapanda, ikatoka.

Honi ililia tena. "Mwambie anywe chai!" alifoka Daktari Famau.

Waliwasha. Mzee alisoma kwa sauti kadiri karatasi ilivyotoka. "Kumi na moja, kumi na moja. Tisa, kumi. Kumi na mbili, kumi na mbili!" Walipofika ng'ombe wa thelathini Barnabas alikuwa anaitikia kama mtu aliye kanisani. Wa arobaini alipopita, taa ilikuwa ya kijani.

"Thelathini na wanane wazima," alisema Daktari. "Wawili wabaki. Andika barua, Barnabas."

"Na jina la aliyepima, niandike nani?"

"Huoni aliyepima?"

Batula alikimbia na barua hiyo mkononi. Askari aliisoma mara mbili, akasimama kando. Godana alimkazia macho binti yake.

"Wewe umesema mbele ya daktari?"

"Nimesema, baba."

"Kwa sauti?"

"Mpaka akavua miwani."

Godana alicheka hadi akakohoa, akawafunga kando wale wawili waliotajwa kwenye barua, akauvuta mwiba wa mlangoni. Ng'ombe kwanza hawakuamini. Kisha jike mmoja mzee alinusa upepo, akavuka barabara, na wazima wenzake wakamfuata kwa kishindo. Batula alimshika ndama dhaifu wa kwanza nyuma, baba yake mbele, wakambeba hadi kwenye nyasi.