Kidole cha Bi Winifred

Asubuhi ya mahafali, Daktari Truscott alikuwa akinyoa ndevu alipoona kwamba mkono wake wa kulia umeota kidole kimoja zaidi. Kilikuwa kidole kizuri, kimenyooka, kina ukucha. Alimaliza kunyoa, akashuka jikoni kumwonyesha mkewe.

"Cha nani hicho?" Muriel aliuliza, akigeuza mayai kikaangoni.

"Cha Winifred, nadhani."

"Kimechukua muda wake. Haya kaa ule, usije ukachelewa na wewe."

Kazi ya Truscott katika chuo kikuu kile cha kando ya mto ilikuwa kuwapeleka wahitimu mbele ya Mkuu wa Chuo, wanne wanne, kila mmoja ameshika kidole kimoja cha Truscott. Kidole gumba hakikushikwa. Kisha mhitimu hupiga magoti, huunganisha viganja, na Mkuu huvifumbata ndani ya vyake huku akisema maneno ya Kilatini. Bila maneno yale, hata ungejua nini, shahada huna.

Winifred Axtell alifaulu hesabu mwaka 1921 akawapita wanaume wengi. Wanaume hao hao walipiga kura wanawake wasipewe shahada, na waliposhinda walifurahi sana, wakawarushia mayai barabarani. Alizeeka akafa bila maneno yale. Tangu azikwe alikuwa haji kwingine ila kwenye mahafali, amevaa sketi yake ya kijivu, yai likimchuruzika begani, na kusimama mwisho wa foleni.

"Hujambo, Bi Winifred?" Bert wa mlangoni alimsalimu siku hiyo.

"Sijambo, Bert. Mgongo wako je?"

"Unanikumbuka kila mvua ikinyesha."

Binti yake Winifred, Hester, alimfuta mama yake bega kwa leso kama kawaida. Hester alikuwa ametimiza miaka sabini na sita, moyo wake ulikuwa mbovu, na alitaka kitu kimoja tu: amwone mama yake akipiga magoti pale mbele kabla naye hajaenda. Alikwisha kuomba mpaka ofisi zikamchoka. Walichompa ni mwaliko wa chai kwa wanawake wote waliosoma hapo zamani kwa pamoja, wazima na wafu, na keki juu yake. Winifred alikataa kwenda.

"Sikufanya mtihani wa kunywa chai," alisema.

Safari hii Truscott alimwonyesha kidole. Winifred alikitazama kidogo, akakishika. Wakaingia ukumbini, vijana wanne na yeye.

"Wa tano ni nani?" Mkuu aliuliza.

"Winifred Axtell, bwana. Hesabu."

"Lakini amekufa."

"Ndiyo, bwana."

"Basi nitafanyaje, Truscott? Kanuni inataka mhitimu awe hai."

Hester alisimama huko juu roshanini, ameng'ang'ania ukingo.

"Alipokuwa hai mlimwambia ni mwanamke!"

"Kanuni hiyo tulishaifuta, bibi," Mkuu alijibu kwa upole. Alikuwa mtu mpole kweli, na hilo ndilo lililokuwa likiudhi. "Tafadhali keti."

Winifred alikuwa amekwisha kupiga magoti. Aliunganisha viganja, akangoja. Mkuu alimpita, akafumbata viganja vya kijana aliyefuata. Hester alilia kwa sauti, na watu wakampisha njia atoke.

Kidole hakikuanguka. Muriel alifuma glavu yenye nafasi yake. Ofisi nayo ilikaa kikao, ikaona kwamba kumbe wahitimu wanaweza kwenda watano watano, shughuli ikaisha mapema na chakula cha mchana kikaliwa cha moto. Watu walimshukuru sana Truscott.

Mahafali yaliyofuata, msichana mmoja wa hesabu alipewa kidole kile.

"Samahani, Daktari, kina mwenyewe hiki?"

Truscott alitazama mwisho wa foleni, kisha akatazama viatu vyake.

"Shika tu, binti. Tunaingia."

Msichana aliingia, akapiga magoti, akasemewa maneno yake. Winifred alibaki mlangoni na Bert. Hester alikuja na fimbo safari hii, akitweta, akatoa leso mkobani, akaanza kumfuta mama yake bega. Yai lilikuwa lingali bichi.